Chembe Nano Ndani ya Chanjo: Zimewekwa kwa Kazi Gani?

Tangu chanjo za UVIKO-19 zianze kutolewa mwishoni mwa 2020, kuna sentensi moja iliyosambaa kuliko maelezo yoyote ya wataalamu: "Chanjo hizi zina chembe nano." Anayeisambaza huishia hapo, akamwacha msomaji ajaze mwenyewe kinachofuata: chipu, sumaku, sumu. Kila chanjo mpya inapotangazwa, iwe ya malaria au ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, sentensi ileile hurudi.

Jibu la kweli ni kwamba ndiyo, nyingi zinazo. Halijawahi kuwa jambo la siri. Limeandikwa kwenye karatasi za maelezo ya chanjo zenyewe. Kilichokosekana ni ufafanuzi. Maelezo mengi ya afya husimulia kile ambacho chanjo inabeba, yaani kipande cha kirusi au cha kimelea, na kuruka kile kinachokibeba. Pengo hilo limejazwa na hofu, na inasikitisha, kwa sababu mbebaji huyo ndiye mara nyingi anayeamua kama chanjo itafanya kazi au itapita mwilini bila kuacha kinga yoyote.

Chembe hizi hukaa ndani ya chanjo katika mchanganyiko unaoitwa koloidi, basi tuanze na koloidi ni nini. Ni mchanganyiko ambamo chembe ndogo sana za kitu kimoja zimetawanyika ndani ya kitu kingine bila kuyeyuka na bila kuzama upesi. Maziwa ni koloidi: matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika majini. Ukungu ni koloidi pia, matone ya maji hewani. Chumvi ndani ya maji si koloidi, maana huyeyuka kabisa ukabaki na maji maangavu. Mchanga nao si koloidi, maana ukiacha kukoroga unazama. Koloidi iko katikati ya hayo mawili. Aliyelipa kundi hili jina ni mkemia wa Scotland, Thomas Graham, mwaka 1861, kwa hiyo elimu hii ina zaidi ya miaka 160.

Kwa vipimo, chembe za koloidi zina upana wa kuanzia nanomita 1 hadi kama 1,000. Ukiigawanya milimita moja mara milioni, kila sehemu ni nanomita moja. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita 80,000 hivi, seli nyekundu ya damu kama 7,500, kirusi cha korona kama 100, na kirusi cha polio kama 30. Kwa hiyo "nano" ni habari ya ukubwa tu. Haikuambii kitu kimetengenezwa na nini wala kina madhara gani. Tone la mafuta lenye upana wa nanomita 100 ni chembe nano, na punje ya dhahabu ya ukubwa huo ni chembe nano vilevile.

Hata damu yako inabeba chembe za namna hii sasa hivi. Kolesteroli ni aina ya mafuta, na mafuta hayakubaliani na maji, kwa hiyo mwili huifunga ndani ya chembe zenye ganda la mafuta na protini ndipo isafiri. Zile za LDL, ambazo daktari huzipima na kuziita kolesteroli mbaya, zina upana wa nanomita 20 hadi 25. Mwili unajua kuzitengeneza, kuzisafirisha na kuzivunja chembe za mafuta za ukubwa huu tangu tulipokuwa tumboni.

Kipande safi ambacho mwili haukijali

Chanjo nyingi za zamani zilitumia kijidudu kizima kilichouawa au kudhoofishwa. Baadaye wanasayansi wakataka kutumia kipande tu: protini moja ambayo kinga inapaswa kuitambua. Kwa upande wa usalama, hii ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu kipande hakiwezi kuzaliana wala kuleta ugonjwa. Lakini walikumbana na jambo la kuvunja moyo. Protini ikishasafishwa vizuri na kudungwa peke yake, mara nyingi kinga haishtuki. Mtu anachanjwa, na baada ya wiki kadhaa damu yake haina kingamwili za maana, yaani protini za kinga zinazoshika vijidudu.

Sababu moja ni njia. Ukidungwa kitu msulini, ukubwa wake huamua kitaelekea wapi. Molekuli ndogo, chini ya nanomita 10 hivi, huvuja upesi kwenye mishipa ya damu na kupotelea mwilini. Chembe za nanomita 20 hadi 200 hivi hufuata mishipa ya limfu hadi kwenye matezi, kama yale ya kwapani, ambako seli za kinga hukutana na kufundishana. Zilizo kubwa zaidi ya hapo hubaki mahali pa sindano mpaka zimezwe na seli za doria, zinazoitwa seli dendriti, ambazo huzibeba zenyewe hadi kwenye matezi. Seli hizo zina hamu ya kumeza vitu vya ukubwa wa virusi na bakteria, na protini moja inayoelea majini haiwavutii sana walinzi hawa.

Sababu nyingine ni mpangilio, na hii ndiyo inayonivutia kuliko zote. Mtu mmoja akipita mtaani, hakuna anayegeuza shingo. Wakipita watu mia tatu waliovaa sare moja, kwa mistari iliyonyooka, kila mlango unafunguka. Kirusi ndivyo kinavyopita mwilini: ganda lake limejaa protini ileile iliyorudiwa mara nyingi kwa nafasi zinazolingana. Seli B, zinazotengeneza kingamwili, zina vipokezi vingi juu ya utando wao, na vipokezi vingi vikishikwa kwa pamoja na kitu chenye mpangilio huo, seli huamka kwa nguvu. Kipande kimoja cha protini hushika kipokezi kimoja, basi.

Na lazima pawe na dalili ya hatari. Kinga imejifunza kutoshambulia kila protini ngeni, la sivyo kila mlo ungetuletea ugonjwa. Ndiyo maana chanjo nyingi huongezewa kiamsho, yaani kitu cha kuistua kinga, ambacho wataalamu hukiita adjuvanti.

Mbebaji mzuri hutimiza mengi ya hayo kwa pamoja: anaipa protini ukubwa unaofaa, anaipanga juu ya uso wake, na anaibeba pamoja na kiamsho ili vyote viwili vifike kwenye seli ileile. Kiamsho kikifika kwenye seli hii na protini ikaishia kwenye seli ile, faida kubwa inapotea.

Kutoka 1926 hadi chanjo ya malaria

Mbebaji wa kwanza aligunduliwa na Alexander Glenny na wenzake nchini Uingereza mwaka 1926. Walikuwa wakishughulikia sumu ya dondakoo iliyofishwa makali. Walipoigandisha juu ya chembe za alumu, yaani chumvi ya alumini, kinga iliyopatikana ilikuwa kubwa kuliko pale sumu hiyo ilipodungwa ikiwa imeyeyuka majini. Hadi leo chumvi za alumini zimo katika chanjo za pepopunda, dondakoo, homa ya ini B na nyingine nyingi. Kwa miongo mingi vitabu vilifundisha kwamba alumu hufanya kazi kama ghala linaloiachia protini kidogo kidogo. Mwaka 2012 watafiti waliondoa sehemu iliyodungwa kwenye panya muda mfupi baada ya sindano, na kinga ikapatikana vilevile. Maelezo ya ghala yakapoteza nguvu. Leo inaeleweka zaidi kwamba chembe hizo huamsha seli za kinga na kuzirahisishia kazi ya kumeza.

Anayetaka ushahidi kwamba mbebaji si jambo dogo aangalie jaribio la chanjo ya malaria RTS,S lililochapishwa mwaka 1997. Nchini Marekani, watu waliojitolea walichanjwa kwa protini ileile moja, ila waligawanywa katika makundi matatu, kila kundi na mchanganyiko wake wa kubebea. Kisha waling'atwa na mbu wenye vimelea vya malaria chini ya uangalizi wa madaktari. Watu sita ambao hawakuchanjwa waliugua wote. Katika kundi la alumu pamoja na kiamsho kimoja kutoka kwa bakteria, alikingwa mtu 1 kati ya 8. Katika kundi la matone ya mafuta ndani ya maji, walikingwa 2 kati ya 7. Katika kundi la tatu, lililotumia matone hayohayo ya mafuta yakiwa na viamsho viwili, walikingwa 6 kati ya 7. Watu ni wachache, lakini protini ilikuwa moja. Kama waliokuwa wakiitafuta chanjo hii wangeishia kwenye alumu, huenda ingetupwa kabatini.

Kimojawapo cha viamsho hivyo viwili ni QS-21, kinachotolewa kwenye gome la mti wa Quillaja saponaria unaoota Chile. Kinatoa povu kama sabuni, na kwa tabia hiyohiyo ya sabuni kikiachwa huru hutoboa utando wa seli nyekundu za damu. Peke yake ni kikali mno. Lakini kikiwekwa ndani ya liposomu, yaani kifuko cha mafuta chenye kolesteroli, hushikamana na kolesteroli hiyo, kikaacha kutoboa seli za damu huku kikibaki na uwezo wa kuamsha kinga. Hapa chembe imefanya kazi ya kutuliza: dutu iliyokuwa hatari ikiwa huru imekuwa ya kutumika.

Liposomu zilielezwa kwanza miaka ya 1960 na Alec Bangham, karibu na Cambridge, alipoona kwamba mafuta ya aina fulani yakitiwa majini hujikunja yenyewe kuwa vifuko vidogo vilivyofungika. Mwaka 1974 Gregory Gregoriadis na Anthony Allison walionyesha kwamba vifuko hivyo vinaweza kuiongezea chanjo nguvu. Ilichukua miongo kadhaa kabla ya wazo hilo kuwafikia watoto wenye kuhitaji. RTS,S inayotumika leo imeacha matone ya mafuta na kuchukua liposomu. Baada ya majaribio ya utoaji yaliyoanza 2019 Ghana, Kenya na Malawi, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Chanjo ya pili ya malaria, R21, ilipendekezwa Oktoba 2023. Hiyo hutumia chembe za nanomita 40 hivi zilizofumwa kwa kolesteroli, mafuta na dutu za mti uleule wa Quillaja.

Kuna chanjo ambazo mbebaji na mbebwaji ni kitu kimoja. Chanjo ya homa ya ini B iliyoidhinishwa 1986 hutengenezwa kwa chachu zinazozalisha protini ya ganda la kirusi, na protini hizo hujikusanya kuwa chembe za nanomita 22. Chanjo ya HPV, yaani kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutumika 2006, hufuata njia hiyohiyo: protini 360 za aina moja hujipanga zenyewe kuwa tufe lenye sura ya kirusi. Ndani yake hamna vinasaba vya kirusi, kwa hiyo haiwezi kuambukiza HPV. Ni ganda tupu lenye mpangilio ambao seli B haziwezi kuupuuza.

Chembe za mafuta za chanjo za mRNA

Hizi ndizo zilizozua mjadala mkubwa, basi tuzitazame kwa karibu. mRNA ni uzi wa kemikali wenye maelekezo ya kutengeneza protini moja. Ukiudunga ukiwa mtupu, vimeng'enya vilivyojaa mwilini huukatakata mara moja. Hata ukisalimika, una chaji hasi na ni mrefu, na utando wa seli hauupitishi kwa urahisi.

Ufumbuzi ni chembe yenye upana wa nanomita 80 hadi 100 iliyojengwa kwa aina nne za mafuta: kolesteroli, fosfolipidi kama zile za utando wa seli zetu, mafuta yaliyounganishwa na PEG, kemikali inayopenda maji, ili chembe zisigandane, na aina ya nne ambayo ndiyo siri ya kazi yote. Mafuta haya ya nne hubadilika kulingana na asidi. Penye asidi huwa na chaji chanya. Kwenye damu, ambako asidi haipo, chaji hiyo karibu yote hupotea.

Kiwandani, mRNA huwa kwenye maji yenye asidi na mafuta huwa kwenye alkoholi. Mikondo miwili hukutanishwa kwenye mrija mwembamba. Mafuta yenye chaji chanya huukumbatia uzi wenye chaji hasi, na kwa chini ya sekunde moja chembe zinajijenga zenyewe. Kisha alkoholi na asidi huondolewa, chembe inapoteza chaji na kuwa tulivu, tayari kudungwa. Ndani ya mwili seli huimeza ndani ya kijifuko. Kijifuko hicho huanza kuwa na asidi, kwa sababu seli inakusudia kukisaga kilichomezwa. Asidi hiyohiyo huyarudishia mafuta chaji yake, yanashikamana na ukuta wa kijifuko na kuupasua, na mRNA inatoka. Chache tu hufaulu kutoka, nyingi husagwa. Hata hivyo hizo chache zinatosha, na dozi ya mtu mzima ya chanjo ya UVIKO-19 ya Pfizer-BioNTech ilikuwa na mikrogramu 30 tu za mRNA.

Teknolojia hii haikuanza na UVIKO-19. Mwaka 2018 dawa ya Onpattro, ya ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva, iliidhinishwa ikitumia chembe za aina hii. Katalin Karikó na Drew Weissman walipata Tuzo ya Nobel 2023 kwa kazi yao juu ya mRNA, na waliistahili. Waliotengeneza chembe za kuibeba, akiwemo Pieter Cullis na wenzake huko Vancouver, hawatajwi vya kutosha, ingawa bila wao uzi ule usingefika popote.

Hofu zinazosikika sana

"Chembe hizi ni chipu." Chipu ya kumfuatilia mtu inahitaji umeme na antena ya kutuma mawimbi. Tone la mafuta la nanomita 100 halina pa kuweka hata kimoja. Na madai ya sumaku kushika begani hayaendani na vilivyomo: chumvi za alumini hazivutwi na sumaku, na chembe za mRNA hazina chuma.

"Zinabadilisha DNA." mRNA hufanya kazi nje ya kiini cha seli, na DNA yetu imo ndani ya kiini. Baada ya kusomwa, uzi huo huvunjwa kama mRNA ambazo seli zetu huzitengeneza kila siku.

"Zinabaki mwilini milele." Hapa jibu la haki linategemea chembe ipi. Sehemu kubwa ya mRNA huvunjika ndani ya siku chache. Katika utafiti mmoja wa watu wachache, mabaki yake yalionekana kwenye matezi hadi siku 60. Mafuta yake huvunjwa na kutolewa, mengine polepole. Chumvi ya alumini hukaa muda mrefu zaidi mahali pa sindano, inayeyuka taratibu na kutoka kwa njia ya figo. Ndiyo maana kiasi chake kimewekewa mpaka: Marekani, kwa mfano, mpaka wa kawaida ni miligramu 0.85 kwa dozi, na kwa sharti maalumu hauzidi 1.25.

"Hazina madhara kabisa." Huu nao ni uzushi, japo husemwa kwa nia njema. Mkono kuuma, homa na uchovu wa siku moja au mbili ni vya kawaida, na viamsho vikali huvileta zaidi. Mzio mkali baada ya chanjo za mRNA umetokea kwa watu kama 5 katika kila dozi milioni, na PEG ni mojawapo ya vinavyoshukiwa. Ndiyo sababu mtu huambiwa asubiri dakika 15 baada ya sindano, na 30 kama amewahi kupata mzio mkali. Uvimbe wa misuli ya moyo pia umethibitishwa, ni nadra, na umeonekana zaidi kwa wanaume vijana baada ya dozi ya pili. Anayeambiwa haya mapema ataamini na mengine. Anayefichwa ataamini uvumi.

Kwa nini baridi ni adui na rafiki

Koloidi ni dhaifu. Chembe hukaa zimetawanyika kwa sababu tu kuna kitu kinachozizuia zisigusane, aidha chaji au ganda. Ukikiondoa kizuizi hicho zinagandana, na zikishagandana hazirudi.

Chanjo za alumu zinapaswa kukaa nyuzi joto 2 hadi 8. Wengi huogopa joto, lakini kwa hizi kuganda ni hatari vilevile: fuwele za barafu huzisukuma chembe pamoja mpaka zikashikana, na chanjo hupoteza nguvu hata baada ya kuyeyuka. Wahudumu wa chanjo wana kipimo cha kutikisa kwa ajili ya hilo. Huchukua kichupa kimoja cha aina ileile na toleo lilelile, hukigandisha makusudi hadi kiwe barafu, hukiacha kiyeyuke, kisha hukishika pamoja na kichupa kinachoshukiwa na kuvitikisa vyote kwa mkono mmoja. Huviweka mezani na kutazama kwa hadi dakika 30. Kile kilichogandishwa huonyesha mapande yanayoshuka haraka, na juu maji yanabaki maangavu. Kinachoshukiwa kikizama kwa kasi hiyohiyo, hakitumiki. Kikibaki na ukungu kwa muda mrefu zaidi, ni kizima. Hakuna darubini wala maabara. Ni macho na mwanga wa dirishani, na yanayoonekana ni koloidi nzima kando ya koloidi iliyovunjika.

Kipimo hicho hakifai kwa chanjo za mRNA. Nyingi kati ya hizo hutengenezwa zigandishwe, ile ya Pfizer-BioNTech ikihitaji kati ya nyuzi hasi 90 na hasi 60 mwanzoni, zikiwa na sukari ya kuzilinda chembe wakati barafu inapojijenga. Na wakati chanjo ya alumu hutikiswa vizuri kabla ya kuvutwa kwenye bomba ili chembe zilizotuama chini zisambae sawa, kichupa cha Pfizer-BioNTech hupinduliwa taratibu mara 10 na ni marufuku kukitikisa, kwa sababu msukosuko unaweza kuzivunja chembe zake za mafuta. Mhudumu anayeshika kimoja kwa namna hii na kingine kwa namna ile anafuata tabia ya chembe zilizomo ndani yake.